Mama Prefe na Damu ya Mdogo Wake

Mama Prefe hakumpa mtu mkono. Alikuwa na rula ndefu ya mbao, ile ya kuchorea mistari ubaoni, na alitembea nayo mtaa wetu wote wa Majengo, hapa Goma, kama askofu na fimbo yake. Ukimkaribia kwa salamu, rula inanyooka, ncha yake inatua kifuani pako, na yeye kutoka upande wa pili anakwambia, "Simama pale pale. Sasa nisalimie. Masikio yangu haina ugonjwa."

Sisi majirani tulizoea. Waliopata tabu ni wageni wakubwa. Siku moja alikuja shuleni mheshimiwa fulani, suti ya bluu, walinzi nyuma, akanyoosha mkono mbele ya wanafunzi wote waliopangwa mistari. Mama Prefe akautazama ule mkono kama mtu anayetazama samaki wa juzi. Kisha akatoa chupa ya dawa ya kunawia mfukoni, akaminya tone kubwa katikati ya kiganja cha mheshimiwa. Mheshimiwa akabaki anasugua mikono, na wanafunzi wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya protokole. Tangu hapo kila mgeni wa serikali aliyefika shuleni alianza kwa kunawa, na hakuna aliyekumbuka nani aliileta desturi hiyo.

Prefe ni mkuu wa shule ya sekondari, na kwetu mtu akishaitwa Prefe, jina lake la ubatizo linabaki kwa padri peke yake. Nilimjua kwanza nikiwa mwanafunzi wake, nikimwogopa. Baadaye nikamjua kama jirani, nikimwogopa kidogo. Nyumba yangu ilitazamana na yake. Cherehani yangu ilikaa barazani, kwa hiyo yaliyotokea uani kwake niliyaona bila kuyatafuta, na mengine niliyatafuta.

Mimi ndiye niliyemshonea barakoa. Alitaka kila kikwembe, yaani kila vazi lake la kitenge, kiwe na barakoa ya kitambaa kile kile, ili asionekane mgonjwa bali mtu aliyevaa akamaliza. Moja aliniagiza niidarizi midomo pande zote mbili: upande mmoja inacheka, upande wa pili imekunjwa. Asubuhi alisimama langoni mwa shule na upande wa kicheko. Kengele ikishalia, anageuza. Waliochelewa walikuta ile nyingine.

*

Rula haikuanza kama mzaha. Mama Prefe aliugua saratani ya damu. Familia, parokia na wanafunzi wake wa zamani walichanga, akapelekwa India, na huko madaktari wakamwambia kwamba dawa peke yake haitatosha: atahitaji uboho wa mtu mwingine, wa ndugu wa tumbo moja kama utapatikana wa kufanana.

"Waliniua kwanza," alipenda kusema. "Ile damu yangu yote walimaliza mpaka ndani ya mifupa. Kisha wakapanda ingine, sawa vile mutu anapanda shamba iliyoungua."

Nilipomuuliza kwa nini basi anaogopa vijidudu kiasi kile, na yeye amekwisha kupona, alinieleza kwa namna ambayo mtu wa Goma hawezi kukosa kuielewa.

"Kinga yangu ni maaskari wapya," akasema. "Wamefika mujini, hawajui njia, hawajui nani adui, nani raia. Wanaweza kupiga hata mwenyeji. Kwa hiyo dokta ananipa dawa ya kuwatuliza. Sasa wewe ulishaona askari mwenye amelala anakamata mwizi?"

Nikasema sijaona.

"Ndiyo vile. Mwizi anaingia na mulango iko wazi."

Wezi hao alikuwa akiwataja kama watu wa mtaani. Kuna wale wa kwanza, alisema, waliomvamia India wiki zile damu ilipokuwa haina kitu, wakamjaza vidonda kinywani hata mate yakawa moto. Kuna wanaojificha mwilini miaka na miaka. Na kuna wa vumbini, wa udongo na mbao mbovu, ambao wewe na mimi tunawavuta kila siku na kuwapiga chafya. Hao ndio aliowachukia kuliko wote, maana Goma ni vumbi la volkano kutoka Januari mpaka Desemba.

*

Siwezi kumchora Mama Prefe bila kumweka Dereva kando yake. Dereva alikuwa mdogo wake wa mwisho. Aliendesha Fuso la maharagwe na makabichi kati ya Rutshuru na Goma, alikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakati wa kiu na wakati usio wa kiu, na alicheka hata matangani. Zamani alikuwa mwanafunzi wa dada yake. Dada alimrudisha darasa kwa ajili ya Kifaransa, na kijana akaona heri usukani kuliko aibu. Tangu hapo walisalimiana Krismasi.

Ndugu wote walipimwa. Yule mhasibu hakufanana naye, yule sista hakufanana naye. Aliyefanana naye kabisa ni Dereva.

Kisa cha India alikisimulia Dereva mwenyewe, katika kila kibanda cha pombe kutoka Majengo mpaka Rutshuru, na Mama Prefe hakukikana kamwe. Wamekaa chumbani, kioo katikati, dada hana unywele hata mmoja, na kesho yake Dereva anatobolewa nyonga kutolewa uboho.

"Prefe," akasema kwenye simu ya ukutani, "nitakupa mifupa yangu yote. Lakini ile Kifaransa ya mwaka wa ine, unipatie ile pointi nilikosa."

"Hapana."

"Uko unakufa, Prefe."

"Niko nakufa, ndiyo. Na wewe ulikosea participe passé. Uboho ni uboho, Kifaransa ni Kifaransa."

Dereva alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Kesho yake akalala kifudifudi, wakamtoboa. Mwisho wa hadithi alikuwa akiinua shati kuwaonyesha walevi wenzake makovu mawili madogo, na mtu akidai ni ya chunusi, amenunua ugomvi.

Basi Mama Prefe aliondoka na damu ya kundi A akarudi na O, kundi la Dereva. Na hapo ndipo tulipompata mwanamke mwingine, au tuseme yule yule aliyepata kisingizio. Alianza kusikiliza mpira redioni na kumtukana refa. Alianza kuweka pilipili kwenye maharagwe. Siku moja alikutwa nyuma ya ofisi akicheza na funguo za gari la katekista, ambaye alikuwa akilitafuta gari lenyewe upande wa pili wa shule, kwa kuwa Mama Prefe alikuwa amelisogeza. Akiulizwa, anainua mabega. "Siyo mimi. Ni damu ya Dereva."

Nilimwambia nimesoma mahali kwamba uboho hauleti tabia.

"Najua hauletake," akanijibu, akaishusha barakoa kidogo nione kwamba anacheka. "Lakini wewe usiwaambie."

*

Chakula kilikuwa vita yake ya pili. Hakula kitu kibichi wala kilichopoa. Harusini alikuja na sufuria yake iliyofungwa kwa kitambaa, ikitoa mvuke, akakaa mwisho kabisa wa meza karibu na dirisha. Mama wa bibi harusi mmoja alichukia, akasema sombe yake, yale majani ya muhogo, imetukanwa. Mama Prefe akamjibu, "Mama, hata Baba Mutakatifu akinipikia, nitauliza kama maji ilichemuka."

Lakini alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa fromaji ya Masisi. Alikulia kwenye vilima vile, na jibini ya maziwa mabichi ilikuwa kwake utoto, mama, mvua na ng'ombe, vyote kwa pamoja. Madaktari walimkataza kwa ukali. Sasa alichofanya ni hiki. Alinunua kipande, akaniita barazani kwake, akanikalisha umbali wa rula, akaniambia nile.

"Kula. Sasa sema."

"Tamu, Mama Prefe."

"Tamu! Sukari pia iko tamu. Sema tena."

"Ina chumvi kidogo. Mwanzo ni ngumu, halafu inalainika ulimini."

"Bien. Na harufu?"

"Harufu ya... ya majani yaliyolowa."

Akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda, mikono juu ya rula. Nilifikiri analia, kumbe anasahihisha.

"Si majani," akasema. "Ni ngozi ya ndama. Lakini umejaribu."

Nilinenepa mwaka ule. Nilipomwambia nguo zangu zinanibana, alisema hiyo ni sadaka, na kwamba mshonaji hana haki ya kulalamikia nguo.

*

Watu wengi wa Majengo wanamkumbuka kwa siku za chanjo. Damu yake ya zamani ilipomalizwa, ilikwenda na kumbukumbu zake zote: pepopunda, kifaduro, polio, kila kitu alichochanjwa utotoni kilifutika. Ilibidi aanze upya kama mtoto mchanga. Dokta wake alipanga na kituo cha afya, na siku ilipofika, Mama Prefe alivaa kikwembe chake kizuri akaenda kupanga foleni na wamama wenye watoto migongoni.

Muuguzi alikuwa mgeni. Akatazama, akatafuta.

"Mama, mutoto iko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Nasema mutoto wa kuchanjwa."

"Ndiye mimi. Nilizaliwa upya mwaka jana. Kama unataka kunipima uzito, tafuta kamba ya nguvu."

Wamama walicheka hadi watoto wakaamka. Muuguzi aliitazama mizani yake ya kuning'iniza, akamtazama Mama Prefe, akaamua kutopima. Mmoja wa wale wamama, aliyekuwa amemleta kifungua mimba wake, akamuuliza kwa huruma ya kweli kama inauma.

"Inauma sana," Mama Prefe akasema. "Ndiyo maana nitalia. Usinicheke."

Na alilia kweli, yaani alipiga ukelele mmoja mrefu sindano ilipoingia. Mtoto aliyekuwa akifuata, ambaye alikuwa ameanza kunung'unika, akanyamaza kwa mshangao, akachanjwa bila kujua. Tangu siku ile muuguzi alimwomba aje kila mwezi hata kama hana sindano.

Lakini hapo pia ilionekana kwamba chini ya mzaha kulikuwa na jiwe. Walipoleta chupa ya chanjo ya surua, alikunja uso.

"Ile hapana. Ile iko na kidudu kizima, kimelazwa tu. Kwa watoto hawa kitalala. Kwangu mimi kitaamuka."

Muuguzi akabisha kwamba ratiba ndiyo hiyo. Mama Prefe akatoka nje, akampigia simu dokta wake, akaja kumwekea muuguzi simu sikioni. Hakutabasamu hata kidogo. Nilikuwa nimemsindikiza, nikamwona ameishikilia simu kwa mikono miwili mpaka dokta akamaliza.

*

Kisha ukaja mkanda wa jeshi, ambao kwetu tunauita zona. Malengelenge yalimzunguka kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, na maumivu yalimfanya atembee ameinama. Kwenye robine, ambako wanawake wa Majengo huchota maji na habari, ikasemwa kwamba ni ule ugonjwa usiotajwa. Wengine wakasema amelaaniwa na wale aliowanyima mkono.

Nilimshauri anyamaze, maneno yatapita. Alingoja mpaka vidonda vikauke na dokta amruhusu kutoka, kisha asubuhi moja, saa ile bidoni za maji zimejaa foleni, akaenda robineni na rula yake. Akapiga bidoni moja tupu, ngoo, kama kengele.

"Nani kati yenu aliuguaka tetekuwanga akiwa mutoto?"

Karibu wote waliinua mikono. Mama Prefe akikuuliza swali, mkono unainuka wenyewe.

"Bien. Kile kidudu hakikutoka. Kililala kwenye mushipa, huko nyuma ya mugongo. Kiko pale mupaka leo. Kinasikiliza kama munatukana watu. Siku nguvu yenu itapunguka, kitatoka. Yangu ilipunguka, kikatoka. Ile tu. Maswali?"

Hakukuwa na swali. Lakini mmoja alianza kujikuna mgongo, akafuata wa pili, na kwa wiki nzima Majengo ilijikuna. Mama mmoja, aliyesema maneno makali kuliko wote, alikuja kwangu kwa siri kuuliza kama kuna dawa ya kuzuia kidudu kusikiliza.

*

Nimesema mazuri yake. Sasa niseme alivyokuwa mwongo.

Sheria yake ya kwanza, aliyotufundisha mtaa mzima, ilikuwa kwamba homa haingojwi. Mtu kama yeye akipata homa, hata kidogo, haulizi ni malaria au ni uchovu. Anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu ndani ya mwili usio na walinzi ugonjwa hukimbia. Alitushikisha sheria hiyo kama mistari ya Biblia. Na yeye ndiye aliyeivunja.

Shule ilikuwa ikibadilishiwa bati. Dari za zamani zilikuwa zimeoza, zimejaa mavi ya popo na kuvu. Dokta alimwambia asikanyage pale mpaka kazi iishe na vumbi litulie. Lakini Mama Prefe hakuwahi kumwamini fundi asiyemwona kwa macho. Alikwenda "kuangalia tu", akasimama chini ya dari, na dari ikashushwa.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kusikia kikohozi kikavu kutoka ng'ambo ya barabara. Nikamuuliza kuhusu kipimajoto. Akasema yuko sawa, akakiweka mdomoni mbele yangu kunithibitishia. Ila nilikuwa nimemwona, kabla ya kuniita, akishikilia maji ya baridi kinywani, mashavu yamejaa kama ya mpiga tarumbeta. Nilisoma kwake miaka sita. Naujua udanganyifu wa mtihani ninapouona.

Nilimpigia simu Dereva. Alikuwa njiani, Fuso limejaa makabichi. Hakupitia sokoni. Aliliegesha lori mbele ya nyumba, likaziba barabara, akaingia.

"Prefe, twende."

"Nani alikuita? Yule mbea wa cherehani?"

"Twende, Prefe. Uko moto."

Akakataa. Akasema kuna mitihani ya finalisti, wale wa mwaka wa mwisho, akasema kesho. Dereva hakubisha. Alijifunga kitambaa puani, akambeba begani kama gunia la maharagwe, na Mama Prefe, ambaye homa ilikuwa imeshamlegeza, akaanza kumfokea kwa Kifaransa. Dereva naye akamjibu kwa Kifaransa kwamba lazima aje, labda kwa heshima.

"Il faut que tu viens!"

"Que tu viennes!" akapiga kelele kutoka begani. "Viennes! Subjonctif! Mungu wangu, nitakufa mikononi mwa mutu huyu!"

Alimsahihisha mpaka kwenye kiti cha lori. Makabichi mawili yalidondoka barabarani na hakuna aliyeyaokota, maana tulikuwa tumesimama tukilitazama lori linavyoondoka, na ghafla hakuna aliyecheka.

Ilikuwa kuvu ndani ya pafu. Dawa yake haikuwepo Goma, na mwaka ule ndege zilikuwa haziji kutua kwetu. Dereva aliliacha lori, akawa anavuka mpaka kwenda Gisenyi kungoja basi kutoka Kigali, anarudi na kiboksi kidogo amekikumbatia ndani ya koti. Hakuruhusiwa kuingia chumbani kwa kuwa na yeye alikuwa na mafua. Alikaa nje ya dirisha, juu ya jiwe, na waliopita walimsikia akimsomea dada yake matokeo ya mpira. Kulikuwa na siku ambazo hatukujua kama atapona. Kulikuwa na siku ambazo padri alipita mara mbili.

Aliporudi shuleni alikuwa amekonda hata kikwembe kilimzunguka mara mbili. Akawaita wanafunzi wote uwanjani, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa ukuta wa nje jina lake, na mbele yake: Tabia, sifuri. Sababu: udanganyifu wa kipimajoto. Akatia sahihi. Hakuna aliyethubutu kufuta ubao ule mpaka mvua ilipopiga upande wake na kuufuta yenyewe.

*

Alipostaafu alihamia upande wa Himbi, karibu na ziwa, ambako upepo ni safi kidogo. Dawa za kutuliza kinga walishamwachisha, rula akaiacha shuleni. Tulipigiana simu, kisha tukapigiana kidogo, kisha sikukuu tu.

Nilimwona tena mchana mmoja, nje ya lango la hospitali. Aliyenipa habari ni mwenzangu wa darasa. Dereva alikuwa amepanda pikipiki kutoka Rutshuru, lori likiwa gereji, na karibu na Kibati pikipiki iliteleza ikamtupa juu ya mawe ya volkano. Paja lilivunjika, damu ilimwagika nyingi kabla hajafikishwa. Upasuaji ulikuwa lazima, na hospitali haikuwa na damu ya kutosha ya kundi lake.

Nilimkuta Mama Prefe amesimama mbele ya daktari kijana. Daktari huyo alikuwa amesoma kwake; ungejua kwa jinsi alivyoweka mikono nyuma.

"Chukua kwangu," Mama Prefe alikuwa akisema, mkono wa kikwembe umeshakunjwa. "Iko ya kwake. Ilitoka kwake. Inarudi tu nyumbani."

"Mama Prefe, hapana."

"Pima! Utaona ni ile ile!"

"Ninajua ni ile ile, Mama. Lakini mutu mwenye aliugua kama weye hatoaki damu. Hata kama amepona. Siwezi. Nisamehe."

Nilikuwa sijawahi kusikia mwanafunzi akimwambia hapana mara mbili. Nilitegemea ngurumo. Aliushusha mkono wa nguo polepole, akafunga kifungo, akakosa tundu, akajaribu tena. Kisha akatoa simu.

Sijui aliwapigia wangapi. Ninajua tu kwamba barabara ilianza kujaa. Walikuja wenye pikipiki, alikuja padri, akaja mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, na beseni lake, akaja mtu wa forodha na kofia yake, akaja hata yule aliyemtungia wimbo wa matusi mwaka wa finalisti na kufukuzwa wiki mbili. Wote aliwahi kuwafundisha, na karibu wote aliwahi kuwaadhibu. Mama Prefe alisimama langoni akawapanga mstari.

"Weye. Ulikunywa jana?"

"Kidogo, Mama Prefe."

"Rudi nyumbani. Weye. Kundi?"

"B, Mama Prefe."

"B! Hata zamani ulikuwaga vile. Ninauliza hii, unajibu ingine. Kaa kando. Weye?"

"O."

"Ah! Enfin. Ingia ndani, haraka."

Mimi ni O. Nilipotoka, pamba imebanwa kwenye kiwiko, Dereva alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, na mstari ulikuwa umetawanyika kivulini mwa ukuta. Hakuna aliyekwenda kazini. Mama Prefe alikuwa bado amesimama, ameshika nondo za lango. Nikasimama kando yake.

"Miaka hii yote nimecheka na damu ya huyu mutu," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Nimeiba nayo funguo za katekista. Sikumuambia hata siku moja aksanti. Nilijiambia anajua."

"Anajua, Mama."

"Kujua na kuambiwa si kitu kimoja. Mimi ni mwalimu, ningepaswa kuwa wa kwanza kuielewa hiyo."

Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa Sake daktari alipotoka. Alikuwa amevua kofia ya kijani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho hatukuweza kukisoma. Mstari wote ukainuka kutoka ukutani. Mama Prefe hakumwendea; alibaki ameshika nondo.

"Mama Prefe," daktari akasema, "upasuaji imeenda vizuri. Ameamuka."

"Anasema?"

"Anasema, Mama."

"Anasema nini?"

Daktari akajikuna shingo, akatazama chini.

"Sema, docteur. Nimeshasikia maneno yote kwenye dunia hii."

"Anasema... anasema mimi ni mbuzi mwenye alisomaka."

Mama Prefe akamtazama yule kijana kutoka viatu mpaka kichwani, bila haraka.

"Bon," akasema. "Basi macho yake haikuumia."

Kicheko kililipuka nyuma yetu, cha wenye pikipiki na padri na mama wa sambaza, na daktari mwenyewe akacheka. Mama Prefe hakucheka. Alikuwa ameziachia nondo. Nikamletea kiti cha mlinzi, akakaa, akaomba apelekwe kwa mdogo wake.